Altezza yangu namba B, nimwachie jamaa wa yadi nichukue Mark X namba E?

Dada, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi.

Safu yako naisoma kila wiki. Mara nyingi ni mambo ya wakwe na michango ya harusi. Langu ni la gari. Mke wangu anadai ni la ndoa vilevile, ila hilo tuliache kwanza.

Nina Toyota Altezza RS200 ya 2001, nyeupe, manual, gia sita. Niliinunua 2011 ikiwa imetoka bandarini wiki hiyohiyo, mimi sina mke wala kiwanja, nina mshahara wangu wa kwanza wa maana na masikio yasiyosikia ushauri. Kila mtu aliniambia chukua ya auto, hii ya gia siku ya kuuza utalia. Mimi sikuwa nanunua ili niuze. Mpaka leo Jumapili alfajiri naitoa, naenda nayo Barabara ya Bagamoyo kabla daladala hazijachangamka, naivuta gia ya pili mpaka mshale wa mizunguko ya injini unapita 7, na pale mlio unabadilika kama mtu aliyekuwa anaongea akaanza kuimba. Dashibodi yake imechorwa kama saa ya mkono ya bei mbaya, geji kubwa na vijigeji ndani yake. Nimeshawahi kukaa ndani limezimwa, naitazama tu. Na nyumbani hawana haja ya kunipigia simu: nikikata kona ya dukani kwa Mangi, dada wa kazi anausikia mlio, anaanza kupakua chakula. Nikifika kiko mezani.

Matatizo ni haya. Nakaa Goba, kazi ni Posta. Nyumba yangu iko bondeni, na masika gari halishuki. Naliacha kwa Mangi, nashuka na mguu, viatu mkononi, mke wangu kambeba mdogo. Yeye leseni anayo lakini manual haijui na hataki kuijua. Halafu kwenye foleni ya Mwenge mshale wa joto umeanza kupanda. Fundi alitoa themostati, ikatulia mwezi mmoja, ikarudi palepale. Sasa hivi natembea na dumu la maji kwenye buti. Klachi ni ileile niliyofunga 2016, bado inashika vizuri, ingawa imekuwa ngumu kidogo. Kuna siku za foleni goti la kushoto linaniuma mpaka usiku napaka dawa ya kuchua, lakini hilo nadhani ni umri tu, nina 41.

Ofisini vijana wameanza kuja na namba E. Juzi mlinzi wa getini, ambaye nimempa hela ya chai tangu anaanza kazi, aliniambia niegeshe kule nyuma ili mbele wakae wageni. Mbele wakakaa hao vijana.

Kuna jamaa ana yadi Kinondoni. Ana Mark X ya 2011, nyeusi, namba E, ina kamera ya nyuma, haina hata mkwaruzo, dashibodi inasoma kilomita 68,000. Altezza yangu anaichukua kwa milioni 7.5, naongeza 17. Ninazo 5. Nyingine 12 nachukua SACCOS ya kazini, riba asilimia 12 kwa mwaka kwa salio linalopungua, miezi 36. Amenipa mpaka Jumamosi, anasema kuna mteja mwingine.

Nikuambie na hili. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Arusha alinifuata kituo cha mafuta, akazunguka gari mara mbili, akachungulia gia, akasema milioni 11 taslimu hapohapo. Nilimwambia haliuzwi. Sijui kwa nini nilikasirika.

Nimpe jamaa wa yadi au nisimpe?

Mwenye Altezza, Goba

*

Marahaba, mdogo wangu. Umri umeutaja mwenyewe, na mimi nimekuzidi. Marehemu baba alikuwa na gereji Gerezani na likizo zangu zote za shule nilikuwa mshika spana, kwa hiyo barua yako haikunikuta mgeni.

Nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilishika kalamu. Altezza umeipa mlio, dashibodi, kona ya kwa Mangi na sahani mezani. Mark X umeipa nusu sentensi: nyeusi, namba E, kamera, haina mkwaruzo. Hukuandika hata kama umeiwasha.

Tuanze na hiyo herufi, maana ndiyo inayouzwa pale yadi. Namba E haikwambii gari lilitengenezwa lini. Inakwambia lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Gari likikaa Japani miaka kumi na kitu, likashushwa hapa juzi, linapewa E inayong'aa. Lako lililokuja zamani litabaki na B mpaka life. Hiyo Mark X ni ya 2011. Mwaka ambao wewe ulikuwa unaitoa Altezza bandarini ukitetemeka miguu, yenyewe ilikuwa inatoka kiwandani. Na zote mbili Toyota walishaachana nazo, Altezza 2005, Mark X Desemba 2019. Unaacha gari la zamani unalolijua mpaka sauti ya bushi zake, unachukua la zamani usilolijua, na juu yake unaongeza milioni 17. Hizo kilomita 68,000 nazo mwombe jamaa karatasi ya mnada wa Japani uzione zimeandikwa. Akisema imepotea, nawe potea.

Vijana wa ofisini wanasoma herufi, sawa. Lakini mkopo wako ni wa miaka mitatu, na sitashangaa kabla hujaumaliza kukuta namba F imeegeshwa pale mbele, na mlinzi yuleyule anakuonyesha kule nyuma. Hilo la mlinzi lilikuuma, nimeliona. Lingeniuma na mimi. Ila milioni 17 ni nyingi mno kwa kumjibu mlinzi.

Sasa bonde. Hapa nilicheka, unisamehe. Shida ya kwanza uliyoiandika ni kwamba masika gari halishuki nyumbani. Mark X ni saluni ya chini kama Altezza, inasukuma kwa tairi za nyuma kama Altezza, na ni nzito zaidi. Kwenye tope la Goba itafanya vilevile, pengine vibaya zaidi, kwa sababu hutakuwa na gia ya kuchezea. Kwa hiyo Aprili nakuona: gari namba E limelala kwa Mangi, wewe unashuka viatu mkononi, mke kambeba mtoto, na SACCOS imeshakata chake. Mke wako akiuliza milioni 17 zimenunua nini, utamwonyesha kamera ya nyuma?

Hesabu ya jamaa wa yadi usiifanye kama alivyokupangia yeye. Watu wa kubadilishana magari hupenda kutaja bei mbili kwa pamoja ili usiione hata moja. Mtume rafiki yako aende kama mteja wa kawaida, asiseme ana gari la kubadilisha, aulize Mark X kwa taslimu ni ngapi. Wewe umeambiwa 7.5 na 17, yaani milioni 24.5. Rafiki yako akiambiwa 22, ujue Altezza yako imehesabiwa milioni 5, ile 7.5 ni maneno ya kukufurahisha. Upande wa pili tayari unaye mtu aliyesema 11 bila hata kuomba kulijaribu. Kijana wa Arusha amekufanyia tathmini ya bure.

Na mkopo: milioni 12 kwa riba hiyo na miezi hiyo ni karibu laki nne kila mwezi, takriban 398,600. Mpaka unamaliza umerudisha kama milioni 14.35. Hapo hatujahesabu kwamba Mark X ya 2.5 ni V6, na kwenye foleni ya Mwenge V6 haisikilizi mawaidha ya mafuta.

Nisiwe mchoyo, Mark X ina mazuri yake. Imetulia barabarani, kiyoyozi chake kinapuliza kama mlango wa friji, injini yake ni ya cheni wakati yako ni ya mkanda. Mtu anayekwenda Dodoma kila mwezi na familia ningemwambia chukua, baada ya fundi wako mwenyewe kuikagua. Wewe hukuniandikia habari za Dodoma.

Turudi kwa mgonjwa wako. Sijui kama waliokuambia uchukue ya auto walijua ulichokuwa umeshika. RS200 ina injini ya 3S-GE BEAMS, ya mwisho katika ukoo wake, na ile ya gia ilipewa farasi 210, ya auto ikapewa 200; ya gia ikawekewa mpaka valvu za titani ili izunguke juu bila kuchoka. Ndiyo maana inaimba ikipita 7, nguvu zake zote ziko kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika huko. (Mwendo wenyewe wa hiyo Jumapili alfajiri nimejifanya sijausoma.) Ilipotoka, ilichukua tuzo ya Gari la Mwaka la Japani ya 1998–1999. Mhandisi wake mkuu, Nobuaki Katayama, alitaka gari dogo linalosukuma kwa tairi za nyuma ambalo kijana wa kawaida atamudu na atajifunzia kuendesha. Huko Marekani, ambako liliuzwa kwa jina la Lexus IS, mpaka leo taa za nyuma za kioo cheupe watu wanaziita taa za Altezza, hata zikiwa zimefungwa kwenye gari jingine kabisa. Hapa Dar nyingi ninazoziona ni auto. Uliambiwa siku ya kuuza utalia. Imekuwa kinyume, gia ndiyo iliyomshusha yule kijana kwenye gari lake kituo cha mafuta.

Ila umelitunza kwa mapenzi, kwa spana hujalitunza. Joto linapanda, fundi anatoa themostati, wewe unaongeza maji ya bomba kwenye dumu. Hii ndiyo tiba ya mtaani na imeua injini nyingi nzima. Themostati, ile valvu inayoongoza maji ya kupoza kulingana na joto la injini, haikuwekwa pale kwa bahati mbaya. Ikitolewa, barabarani injini inapoa kupita kiasi na kunywa mafuta, na kwenye foleni shida iliyokuwepo inabaki ilivyo, kwa sababu aliyekuwa anaumwa ni rejeta au feni. Maji ya bomba yanaleta kutu na magaga, yanaziba njia nyembamba za rejeta, yanakula kichwa cha injini ambacho ni cha alumini. Siku gasketi ya silinda hedi ikiungua utakuja kuniandikia barua nyingine, fupi na ya kusikitisha. Fungua rejeta ioshwe au ibadilishwe, feni ijaribiwe injini ikiwa ya moto, themostati mpya irudi mahali pake, kulanti ya kweli imwagwe. Na mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini? Hukusema, na mtu akikaa kimya kuhusu mkanda huwa namjua. Kila kilomita 100,000. Ukikatika njiani unaweza kukunja zile valvu, na hizo huzipati Ilala kwa kuzungusha macho. Kazi yote hii inatoka kwenye ile milioni 5 yako, na chenji itabaki.

Wapo watakaokuambia kama ni kubadilisha, badilisha spoti kwa spoti. Hao wana hoja kuliko jamaa wa yadi. Mrithi wa kweli wa gari lako ni Toyota 86 ya 2012 na kuendelea: nyuma tairi zinasukuma, gia sita, farasi 200. Ila injini ni boksa ya Subaru, kwa hiyo hata fundi unahama. Na ushuru: ina cc 1,998, kwa hiyo upande wa ukubwa wa injini inakaa kwenye asilimia 5 badala ya 10 ya Mark X, lakini za mwanzo zimeshavuka miaka 10, na gari la hivyo TRA wanaliongezea asilimia 30 ya uchakavu, la kati ya miaka 8 na 10 ni 15. Kikokotoo kiko kwenye tovuti yao, ingia ujionee kabla hujaota. Tena na yenyewe ni ya chini. Goba haitashuka.

Nimeliacha goti mpaka sasa kwa sababu wewe mwenyewe ulilificha katikati ya klachi na dawa ya kuchua. Katika barua nzima hiyo ndiyo sababu moja ya kuachana na gari la gia, na umeipita kama unapita tuta usiku. Miaka 41 si umri wa kulala na goti lililopakwa dawa. Halafu umeandika klachi ni ya 2016 na imekuwa ngumu kidogo. "Kidogo" ya mtu anayelipenda gari siiamini. Klachi pleti ikisagika, springi za presha pleti zinasimama vibaya na pedeli inakuwa nzito siku hadi siku, pole pole hivi kwamba mguu unazoea na akili haijui. Relizi bering ikikauka ni hivyohivyo. Inaweza kushika vizuri kabisa na huku inakuvunja mguu. Mara mia mbili, mia tatu za kukanyaga kati ya Makongo na Posta, asubuhi na jioni, kwa pedeli ya namna hiyo? Goti la nani lingenyamaza?

Basi fanya hivi. Jumamosi usiende Kinondoni. Huyo mteja mwingine, kama yupo, Mungu ambariki. Wiki hii nenda hospitali goti liangaliwe na daktari, si na muuza dawa. Na gari lipeleke kwa fundi anayejua manual, libadilishwe klachi nzima: pleti, presha pleti na bering yake, pamoja na yale ya joto na mkanda. Kisha endesha mwezi mmoja.

Goti likitulia, unabaki na Altezza yako na huna deni. Mlinzi mwambie umeamua kuegesha nyuma kwa sababu kuna kivuli.

Goti lisipotulia, au daktari akisema klachi basi, mtafute kijana wa Arusha na usimkasirikie tena. Milioni 11 yake na kilichobaki mkononi mwako zinatafuta gari la auto lililoinuka kidogo, Escudo au RAV4 ya zamani, ambalo mke wako ataliendesha na ambalo Aprili litashuka mpaka mlangoni, bila SACCOS. RAV4 ukiichukua, hakikisha injini si ya D4, ile inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Hilo muulize fundi yeyote utazame uso wake. Mauziano yaandikwe kwa mwanasheria, umiliki uhamishwe TRA kabla hujampa funguo ya pili, na faini za barabarani mkague wote wawili, maana elfu thelathini thelathini za mtu mwingine zitakufuata kwa jina lako. Utalia kidogo. Baba aliuza Peugeot 504 yake nikiwa darasa la tano, na kwa wiki nzima alikuwa akitoka nje saa kumi na mbili asubuhi, anasimama pale ilipokuwa inalala, anapiga mswaki.

Mke wako mwonyeshe barua hii, yako na yangu. Amekuvumilia sana na dumu la maji kwenye buti.

Na ukifika gereji usimwambie fundi kwamba goti linauma, atakuambia pole na kuanza hadithi za goti lake. Mpe funguo, mwambie akae kwenye usukani akanyage klachi mara ishirini, kisha simama pembeni umtazame anavyobadilika uso.